Kazi ya Kujitolea katika Ghala Yetu ya Chakula

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Ghala, kwa niaba ya Kamati, katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mwenyekiti ametuagiza tueleze habari za kazi ya kujitolea katika ghala ya chakula, kabla mkutano huu haujalikata shauri lililoletwa na baadhi ya wanachama. Shauri lenyewe ni kwamba majina ya jamaa wote wanaopokea chakula yachapwe katika kijitabu cha taarifa ya mwaka, kama yanavyochapwa majina ya wanaotoa. Shauri hilo si la mzaha, wala walioleta si watu wabaya. Fedha ni zenu, na mwenye mali ana haki ya kuuliza mali yake imekwenda wapi. Twaomba tu mtusikilize kwanza, mjue kazi yenyewe ilivyo, ndipo muamue.

Neno ghala si geni kwetu. Babu zetu walikuwa na maghala ya fito na udongo nyuma ya nyumba, na mwaka wa mvua njema ulilisha mwaka wa ukame. Lililo geni ni ghala isiyo ya mtu mmoja wala ya ukoo mmoja, iliyowekwa mjini kwa ajili ya jirani ye yote. Ghala ya namna hii, ambayo wengine huiita benki ya chakula, ilianza katika mji wa Phoenix, nchini Marekani, mwaka 1967. Bwana mmoja aitwaye John van Hengel alikuwa akijitolea katika jiko lililowalisha maskini. Huko akakutana na mama mwenye watoto kumi, ambaye mumewe alikuwa kifungoni. Mama huyo aliwalisha wanawe kwa vyakula vizima vilivyotupwa na wenye maduka. Akamwambia kwamba yafaa pawe na mahali ambapo chakula kilichozidi kitawekwa, kama fedha ziwekwavyo benki, na mwenye haja aende akakitoe. Parokia ya St. Mary ikampa yule bwana jengo kuukuu lililokuwa la kuokea mikate, na kazi ikaanza. Twaomba mliweke neno hili moyoni: aliyelitoa wazo hili alikuwa ni mtu mwenye njaa.

Ghala yetu ilianza mwaka 2020. Mwezi Machi wa mwaka huo ugonjwa wa Korona uliingia Kenya, shule zikafungwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Watu wanaoishi kwa kibarua cha kutwa, yaani mafundi, wafuaji wa nguo, wachuuzi na watumishi wa hotelini, walijikuta hawana kazi. Tarehe 10 Aprili mwaka huo, huko Kibera, watu waliokuja kupokea chakula cha msaada walisongamana hata wakakanyagana, na wengine wakaumia. Tuliposikia habari hizo tulifadhaika, maana njaa iliyokuwa huko ndiyo iliyokuwa hapa mtaani petu. Kamati ikaomba chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa. Wanachama wakaleta unga, maharagwe, mafuta na chumvi, kila mtu kwa kadiri yake. Haba na haba hujaza kibaba. Tulidhani tutafunga baada ya miezi mitatu. Lakini kabla ugonjwa haujaisha, mvua nazo zilikosekana katika sehemu kame za nchi misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022. Bei ya unga ikapanda, na ghala haikufungwa mpaka hivi leo.

Sasa twaeleza kazi yenyewe. Jumamosi saa moja asubuhi watu wa zamu hufungua mlango. Kufuli ni mbili, na kila ufunguo uko kwa mtu wake, hata asiweze mmoja kuingia peke yake. Jambo la kwanza ni kupima. Kila kinachoingia hupandishwa mizani, hata gunia lililoandikwa kilo 90, kwa sababu maandishi ya guniani si ushahidi. Uzito huandikwa daftarini, na mleta mali hupewa stakabadhi.

Jambo la pili ni kukagua. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mtunza ghala hujifunza upesi kwamba mahindi huoza. Mahindi ya kuwekwa yatakiwa yakauke hata unyevu usipite sehemu 13.5 katika 100. Sisi hatuna mashine ya kupimia, basi twatumia njia ya chumvi. Twachukua chupa kavu yenye kifuniko, twatia mahindi kidogo na chumvi iliyokaushwa vizuri, twatikisa, kisha twaiacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo cha chupa, mahindi yale bado ni mabichi na lazima yaanikwe tena. Yakiwa na ukungu hayaingii kabisa, hata kama aliyeyaleta ni mtu mkubwa na atanuna. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba chakula cha maskini hakichaguliwi. Tusichoweza kuwapa watoto wetu wenyewe hatumpi mtu mwingine.

Jambo la tatu ni kupanga. Magunia hulazwa juu ya vibao, mbali na ukuta, ili yasivute unyevu na panya wasipate maficho. Kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Tarehe za pakiti husomwa moja moja. Halafu hufuata kupakia: unga, maharagwe yaliyopimwa kwa gorogoro, mafuta, chumvi, na sabuni ikiwapo. Mboga na nyanya tunazopewa na akina mama wa sokoni zinapobaki hazilali ghalani. Hutoka siku ile ile. Mwishowe vijana huwapelekea vifurushi wagonjwa na wazee wasioweza kutembea. Saa sita mizani husafishwa, hesabu hufungwa, watu wawili hutia sahihi, na mlango hufungwa kwa zile funguo mbili. Hakuna anayelipwa hata senti moja. Chai tunayokunywa twaileta wenyewe.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa hatuna budi kuungama kosa letu, kwa kuwa ndilo linalohusu shauri la leo.

Miezi ya kwanza tuliwapanga watu uani, na karani akasimama mlangoni na daftari, akaita majina kwa sauti kuu. Aliyeitwa alikwenda mbele akachukua kifurushi chake mbele ya macho ya wote. Tuliuona ule kuwa utaratibu mzuri, kama wa shuleni. Hakuna aliyesukumwa, wala hakuna aliyepata mara mbili. Kwa kweli tulijisifu.

Katika orodha ile lilikuwamo jina la mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi. Jumamosi moja jina lake likaitwa, naye asiitike. Jumamosi ya pili asiitike tena. Ya tatu tukalipiga mstari kwa wino mwekundu, mstari ulionyoka sana, tukasema labda mambo yake yametengenea. Zilipita wiki kadha wa kadha. Ndipo tukasikia kwamba mjukuu anayekaa naye ameanguka akichota maji bombani, na kwamba watu walipomwuliza alisema nyumbani hawajapika tangu juzi.

Watu wawili wa kamati tulikwenda usiku ule ule. Mzee alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akaomba radhi kwamba hana chai. Tukamwuliza, “Mzee wetu, mbona hukuja?” Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Wanangu, jina langu limesomwa katika chama hiki miaka mingi. Lilisomwa misibani, pamoja na kiasi nilichotoa, na vijana wakalisikia. Siku ile mlipolisoma uani nilikuwa nimefika, nimesimama nje ya ukuta. Nililisikia. Miguu ilikataa kuingia.”

Hatukuwa na la kumjibu. Tulirudi njiani kimya, tukifikiri ni wangapi wengine tuliowapiga mstari mwekundu.

Ndugu wanachama, chama hiki kilianzishwa kwa ajili ya kuzikana na kufaana. Wazee mliomo humu mmeosha maiti wengi, nanyi mwaijua methali isemayo kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hata siku moja hatujaona mwosha akatoka nje akatangaza aliyoyaona. Ikiwa twamhifadhi hivyo mtu aliyekwisha kufa, asiyeweza kuona haya tena, je, aliye hai na kukutana nasi dukani na barazani kila siku tumhifadhi kwa kiasi gani?

Tangu siku ile kamati ilibadili mambo. Majina hayaitwi tena. Kila jamaa ina kadi yenye namba, na daftari linalounganisha namba na majina hufungiwa sandukuni. Watu hawapangwi uani, bali kila mmoja huambiwa saa yake ya kuja. Chakula hutiwa katika mfuko wa kawaida kama wa dukani, hata anayepita njiani asiweze kujua kama mtu ametoka kununua au ametoka kupewa.

Yule mzee alipoletewa habari hizi alikubali kurudi, lakini kwa sharti moja. Alisema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nipeni jembe.” Tukampa ungo. Mpaka leo hukaa penye meza ya maharagwe, akipepeta na kuchagua mawe na mbovu. Hakuna kijana anayemshinda. Wengine wakamfuata. Akina mama wawili wanaopokea hushona magunia yaliyotoboka. Fundi mmoja aliyekosa kazi alitutengenezea vibao vya kuwekea magunia. Siku hizi ukija Jumamosi utakuta watu wote wamejaa vumbi la unga, nawe hutaweza kumtenga anayetoa na anayepokea. Kamati haikuyabuni hayo. Yalitoka kwa mtu tuliyekuwa tumemfuta jina.

Baadhi ya wanachama wamesema kwamba mtu asiyeiba hana sababu ya kuona haya. Maneno hayo ni kweli, lakini haya haiendi kwa hoja. Tena wengine wadhani kwamba njaa mjini ni dalili ya uvivu. Wazee wanaotoka Ukambani watakumbuka njaa ya mwaka 1984, iliyoitwa kwa lugha yao nikw’a ngwete, maana yake ‘nafa nami nimeshika’, yaani fedha zi mkononi na chakula hakionekani. Waliokufa moyo mwaka ule hawakuwa wavivu. Na mwaka 2020 wengi wa waliokuja kwetu walikuwa wameamka alfajiri maisha yao yote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nasi hatujui kesho nani kati yetu ataishika kadi yenye namba.

Hata hivyo hatutaki kukwepa lalamiko. Walioleta shauri wana sababu yao. Wamesikia kwamba mwaka huu mali ilipungua ghalani, na kwamba pakiti zetu zilionekana zikiuzwa kibandani. Habari hizo ni za kweli, na ni wajibu wetu kuzisema hapa mbele ya wote. Jumamosi moja, tulipofunga hesabu, mizani na daftari havikupatana. Tulipima mara ya pili, hali ikawa ile ile: unga ulipungua. Tukafuata sahihi, tukaona ni siku gani na ni zamu ya nani. Aliyechukua alikuwa mmoja wetu tuliojitolea, wala si mmoja wa wanaopokea. Aliitwa na kamati, akakiri, akarudisha thamani yake, akaondolewa katika zamu na kunyang’anywa ufunguo.

Basi angalieni jambo hili kwa makini. Kilichomfichua ni mizani, daftari la uzito, na sahihi za watu wawili. Kama majina ya wote wanaopokea yangalichapwa kwa herufi kubwa katika ukurasa wa kwanza, unga ule ungaliibwa vile vile, na macho ya watu yangaliwatazama wasiohusika. Tena, jina la yule aliyechukua halikuletwa kuchapwa katika kijitabu hiki. Kamati ilisema ameadhibiwa inatosha, ana watoto, asiaibishwe. Nasi twakubali. Lakini itakuwaje tumsitiri aliyekosa, kisha tumchape yule ambaye kosa lake ni kukosa chakula?

Sisi wa madhehebu mbalimbali tumelelewa katika mafundisho yanayopatana juu ya jambo hili. Wakristo na Waislamu pia tumefundishwa kwamba sadaka njema ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui iliyotolewa na wa kuume. Wasomaji wa Biblia wakumbuka habari za Boazi, aliyewaagiza wavunaji wake waache masuke kusudi, ili Ruthu, mjane na mgeni, ayaokote kama aliyeyapata mwenyewe; akawakataza wasimkemee. Boazi hakutaka kuonekana. Alitaka mjane ale, kisha arudi nyumbani kwa mkwewe na uso wake.

Sheria za nchi pia zapaswa kutajwa. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43, yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho kizuri. Basi anayekuja ghalani haji kuomba kitu kisichompasa. Na iko sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu binafsi, ambayo hairuhusu chama kuzitangaza ovyo habari za mtu ilizopewa kwa kazi nyingine. Karani wa chama cho chote leo hana budi kuijua.

Kwa hiyo kamati yaleta shauri lake mbele yenu, badala ya lile la kuchapa majina. Kwanza, mkutano huu uchague wazee watatu, wasio wa kamati, wanaoaminiwa na wote. Hao wafunguliwe sanduku wakati wo wote wapendao, bila kutupa taarifa, walinganishe majina, namba, na watu wenyewe, kisha wawaambie ninyi kama hesabu ni ya haki. Wao nao wataapa kutunza siri. Pili, kila mwaka kijitabu hiki kichape uzito wote: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, kilo zilizoharibika, na kilo zilizobaki. Tatu, mwanachama ye yote aruhusiwe kuja Jumamosi bila kualikwa, asimame karibu na mizani, na kuhesabu kwa macho yake. Twaona kwamba kwa njia hizo mwenye mali ataijua mali yake, na mwenye njaa atabaki na jina lake.

Mwisho, twawaomba jambo moja ambalo ni gumu kuliko fedha, nalo ni mikono. Chakula chaweza kuja, lakini kikikosa wa kukipima, kukianika na kukipeleka, huoza mbele ya macho yetu. Tumepungukiwa na watu wa kuchukua mboga sokoni siku za kazi jioni, wenye nguvu za kupanga magunia, na hasa akina baba, ambao hutoa ahadi nyingi katika mkutano kuliko wanaoonekana Jumamosi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Asiye na mfuko wa unga ana saa mbili za asubuhi. Asiye na nguvu za kubeba aje akae penye meza ya maharagwe. Yuko mzee pale atakayemwonyesha namna ya kuushika ungo.

Bwana Mwenyekiti, daftari la uzito hili hapa juu ya meza, li wazi kwa kila atakaye kulisoma. Sanduku la majina limebaki ghalani, limefungwa. Twaliacha shauri mikononi mwenu, tukiwaomba radhi kwa kosa la siku zile za kwanza.



(Baada ya hotuba hii mkutano ulichagua wakaguzi watatu. Hesabu ya uzito itachapwa kila mwaka. Majina hayakuchapwa.)